Mwajiri Ndiye Ajieleze

Insha nyingi zilizotufikia kwa toleo hili zinaanzia Washington. Mwandishi anafungua na Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yale ya ulinzi sawa wa sheria, anapanga viwango vya uchunguzi wa mahakama kimoja baada ya kingine, na akimfikia mwanamke aliyeachishwa kazi kwa sababu ya mimba, kurasa zimekwisha. Limenikera hilo.

Mwanafunzi wa sheria ambaye utafiti wake unafungua toleo hili naye ameanzia hukohuko, ila kwenye makato ya mshahara. Katika kesi ya Geduldig dhidi ya Aiello ya mwaka 1974, wafanyakazi wa California, wake kwa waume, walikatwa asilimia moja ya mshahara kuchangia bima ya wasioweza kufanya kazi kwa maradhi. Mwanamume aliyepasuliwa tezi dume alilipwa. Hata tohara ilikuwamo. Uzazi wa kawaida haukulipiwa. Mahakama ya Juu ikasema hapo hakuna ubaguzi wa kijinsia: kuna wajawazito na kuna wasio na mimba, basi. Mwaka 2022, katika hukumu ya Dobbs kuhusu utoaji mimba, mahakama hiyohiyo iliinukuu tena kesi hiyo.

Kesi ya Feeney ya mwaka 1979, mbele ya mahakama hiyo, ilizidisha ugumu: mwanamke athibitishe kwamba watunga sheria walikusudia kumbagua. Kusudi lililo moyoni mwa mtu atalitoa wapi?

Sheria yetu ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikufuata njia hiyo, na watafiti wetu wanairuka! Chini ya kifungu cha 7, ambamo mimba imetajwa waziwazi, mfanyakazi akishaonyesha ushahidi wa awali wa ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukutokea. Ndivyo inavyostahili. Faili liko kwake, mihtasari ya vikao iko kwake, orodha ya mishahara iko kwake. Mama ameshika barua ya ukurasa mmoja inayosema kazi zimepungua. Wakili anayekwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi bila kukitumia kifungu hiki anambebesha mteja wake mzigo ambao Bunge lilishamtua.

Makala kutoka Nairobi inaonyesha kwamba kifungu cha 5 cha sheria ya ajira ya Kenya kinaelekea hukohuko. Mapitio kuhusu saa mbili za kunyonyesha wakati wa kazi chini ya sheria yetu ni mafupi na yanatosha.

Bado hatujapata mtu wa kukaa na majalada ya Tume akahesabu ni mara ngapi mwajiri alitakiwa kweli kujieleza. Atakayeifanya kazi hiyo, kurasa za toleo lijalo ni zake.