KUVU YA KINYWA NA YA MIGUU: KUFUTA SI KUPONYA



Katika dispanseri watu wa namna mbili wananijia mara kwa mara. Wa kwanza ni mama na mtoto mchanga. Mtoto anashika ziwa, analiachia, analia. Ulimi wake umejaa weupe kama maziwa yaliyoganda. Wa pili ni baba anayetoka shimoni. Akivua bote, unaona ngozi iliyolowa na kupasuka kati ya vidole.

Mama anasema: «Munganga, ninamfuta kinywa kila siku.» Baba anasema: «Munganga, ninaoga kila siku.» Wote wawili wanasema kweli. Basi kwa nini ugonjwa hautoki? Kwa sababu kuvu hushika. Nami naona kwamba tukijua inavyoshika, tutaacha kuwaita wenzetu wachafu, na tutaanza kufanya yale yanayofaa.

Inashika namna gani?

Kuvu ya kinywa cha mtoto inaitwa Candida albicans. Ni ya jamii ya chachu, ndugu wa mbali wa ile inayoumusha mkate. Watu wengi wenye afya wanayo kinywani na tumboni bila kuugua. Kila chembe yake imezungukwa na ukuta. Ndani ya ukuta huo mna kitini, kitu kilekile kilicho katika gamba la panzi. Mna pia glukani, ambayo ni nyuzi za sukari. Upande wa nje kumejaa protini zilizovikwa sukari inayoitwa manani. Protini hizo za nje ndizo mikono ya kuvu.

Jamii moja ya mikono hiyo inaitwa Als, nayo ina ndugu 8. Hukamata vipande vya protini vilivyo juu ya nyama ya mwili wetu. Kuvu ikianza kuota nyuzi ndefu, inatoa mkono mwingine unaoitwa Hwp1. Huo una ujanja wa ajabu: vimeng'enya vya kinywa chetu wenyewe huuchukua kama ni sehemu ya mwili, vikauunganisha na ngozi. Ni kama mwenye nyumba anayempigilia mwizi msumari mlangoni pake. Kisha nyuzi zinaingia ndani ya nyama.

Sasa, kitambaa kitafanya nini hapo? Nilipokuwa mpya kazini, nilimsugua mtoto mmoja ulimi mpaka damu ikatoka. Nilidhani nimefanya vizuri. Baada ya muda mfupi weupe ulirudi, na mtoto alikataa ziwa kwa maumivu niliyomwongezea mimi. Tangu siku ile sisugui tena. Dawa kama nistatini hupita ukuta na kutoboa utando ulio chini yake. Hapo kuvu inakufa, na mikono yake inaachia. Lakini ukiacha dawa siku weupe unapotoweka, chembe zilizobaki zimeshika bado. Endelea siku 2 zaidi, au kama munganga alivyosema. Na ziwa la mama litibiwe pamoja na kinywa cha mtoto, la sivyo wataambukizana bila mwisho.

Kuvu hushika plastiki na mpira vilevile. Inajijengea tabaka lenye utelezi, na dawa haipiti humo kwa urahisi. Kwa hiyo biberoni na chuchu yake vichemshwe. Kusuuza tu hakutoshi. Mzee mwenye meno ya bandia ayatoe usiku na kuyapiga mswaki. Wala usinunue antibiotiki sokoni kwa kila homa: inaua bakteria wema wanaokalia nafasi, na kuvu inapata mahali pa kushika.

Na miguu ya baba?

Kati ya vidole vya miguu, mara nyingi ni kuvu za aina nyingine, lakini sheria ni ileile: hazili ngozi kabla ya kuishika, na ngozi iliyolowa ndiyo inayoshikwa upesi. Kausha kati ya vidole, badili soseti kila siku, usiazime bote ya mwenzako. Hayo ni ya mfanyakazi. Lakini nasema wazi kwa wakubwa wa kazi: hatuwezi kumwambia mtu akaushe bote kama chumba cha kubadilia nguo hakina mahali pa kuzitundika zikauke. Mwenye vidonda miguuni anatembea vibaya, na anayetembea vibaya chini ya ardhi anaanguka.

Wengine watasema huu ni ugonjwa mdogo. Mtoto asiyenyonya si jambo dogo. Na Candida ikiingia katika damu ya mgonjwa dhaifu, inaua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la kuvu za hatari ya kwanza. Mtu mzima mwenye weupe kinywani bila sababu inayojulikana asione haya: aje apimwe sukari na virusi vya sida.

Mama, usimsugue mtoto. Baba, usivae bote yenye maji. Kuvu imeshika, tuiachishe kwa dawa, kwa moto na kwa ukavu.