Pori Si Tupu

Wapo wasomi wadhanio kuwa kula matunda ya porini ni alama ya umaskini, na kwamba mtu mstaarabu hula tu kile kilichopimwa katika mizani ya dukani. Mawazo hayo ni kasumba, na shule zetu zimeyalea.

Tazama Lionja, katika Wilaya ya Nachingwea. Mwanafunzi wa huko aweza kulichora tufaa, tunda asilopata kuliona mtini. Lakini ni nani amuulizaye darasani fulu huiva lini, au tonga huliwaje? Nani aliyeamua kwamba ujuzi wa kwanza ni elimu na wa pili ni ushamba?

Historia ya Nachingwea yenyewe yajibu. Mradi wa karanga, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, ulifika huko na matrekta makubwa, ukang'oa miti katika maelfu ya eka kana kwamba nchi ile haikuwa na kitu. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Wataalamu wale waliliona pori, hawakuliona ghala.

Bibi wa Kimwera au wa Kimakonde huliona. Naye hufundisha sayansi kamili: hutazama jani, mwiba, rangi na majira. Fulu lililoiva ni jeusi na tamu. Ndulele iliyoiva ni ya manjano, yavutia macho ya mtoto, lakini ina sumu. Tonga huvunjwa gamba, nyama yake ikafyonzwa, kokwa zikatemwa. Na mti mmoja wa jamaa yake, uotao Asia, ndio utoao strikinini, sumu kali mno. Akoseaye somo hili hapotezi alama za mtihani. Aweza kupoteza uhai.

Watasema kwamba leo tuna mikorosho na masoko. Ni kweli, korosho huleta fedha. Lakini mti usiojulikana jina wala faida ndio wa kwanza kugeuzwa mkaa.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule ifungamane na maisha ya kijiji. Basi, ndugu mwalimu, mwalike mzee, uwapeleke wanafunzi porini, na majina ya miti yaandikwe kwa Kimwera, Kimakonde, Kiyao na Kiswahili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na sisi tuliosoma bado hatujainama.