Diski Haijafa, Haionekani Tu

Mabosi wa IT wanikasirikie wakitaka, lakini nasema: kufomati si kurekebisha. Ni kufuta ushahidi.

Nilikuwa kwa atachimenti, ofisi moja hapa Upper Hill. Walikuwa wanahama VMware, kama wengi tu tangu Broadcom iinunue mwishoni mwa 2023 na kuacha kuuza laiseni za kudumu. Usiku huo mimi ndiye nilihamisha mashine pepe ya mishahara, yaani kompyuta nzima inayoishi ndani ya seva kama faili, kuipeleka Proxmox. Asubuhi ikakataa kuwaka. Skrini ya bluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Bosi aliangalia sekunde kumi. "Umeua diski. Piga Windows upya."

Bakapu ya mwisho ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Na mwenye makosa ashapatikana: kijana wa atachimenti.

Wasee, diski ilikuwa mzima kabisa. Proxmox ilikuwa inaionyesha kupitia virtio, na Windows haiji na draiva ya virtio. Sasa ona balaa: ili usakinishe draiva, lazima Windows iwake. Ili iwake, lazima iwe na draiva. Ni kama kufungia funguo ndani ya nyumba. Kwani ukifungiwa nje unabomoa nyumba? Si unatafuta dirisha?

Dirisha ni hili. Zima mashine, weka diski iwe ya SATA, ambayo Windows inaijua. Itawaka. Ongeza diski nyingine ndogo, tupu, hata ya giga moja, hiyo ndiyo iwe ya virtio. Chomeka ISO ya virtio-win, sakinisha draiva. Windows ikishaiona hiyo ndogo, zima, rudisha ile kubwa kwa virtio, itangulie kwenye orodha ya kuwaka. Washa.

Niliomba saa moja. Nikatumia dakika arobaini. Mishahara ikarudi yote, hata ya huyo bosi.

Najua watasema muda ni pesa, kufomati ni haraka. Haraka kwa nani? Utasakinisha Windows, halafu programu ya mishahara, halafu uandike wiki tatu za hesabu kwa mkono. Na kwa kuwa hujajua shida ilikuwa nini, mashine ya pili utakayohamisha itaanguka vilevile. Upper Hill hii imejaa benki na hospitali. Hiyo "fomati tu" siku moja itakuwa faili ya mgonjwa.

Tena dawa ni rahisi: sakinisha draiva kabla ya kuhama, chukua bakapu, jaribu na nakala kwanza. Hiyo ni kazi ya anayepanga, si ya kijana anayetumwa usiku.

Basi wewe uliye atachimenti, ukiambiwa ufomati, usiogope kuuliza: "Bosi, diski imekufa, ama haionekani tu?" Asipojua jibu, usiguse kitu.