Mbwa Wako Si Mkali, Mgongo Unamuuma

Wasee, hii tabia ya kusema "mbwa amebadilika" halafu unamtandika na mwiko wa ugali, iishe.

Story mnaijua. Juzi alikuwa anakurukia ukifungua geti. Leo ukimgusa mgongo anaonyesha meno. Mzee wa nyumba anasema amekuwa jeuri, watchie anasema amerogwa, shosho anasema auzwe. Hakuna hata mmoja anauliza: kwani anaumwa wapi?

Mbwa hawezi kukuambia "manze, kiuno kimekataa." Anakataa kupanda ngazi, unasema ni uvivu. Anasimama amekunja mgongo, unapiga picha unaposti na vicheko. Ananguruma, unampiga teke. Sasa akiuma ndio unashtuka?

Katikati ya pingili za mgongo kuna diski, zinafanya kazi kama shoku za gari. Moja ikichomoka inabana uti wa mgongo, na hapo hata mkono wako ni kama moto. Hawa Dachshund warefu wa miguu mifupi ndio huumia sana hivi. Akianza kuburuta miguu ya nyuma, usingoje kesho. Daktari siku hiyo hiyo.

German Shepherd naye shida yake kubwa ni nyonga na sehemu ya chini ya kiuno. Na bado watu wanazalisha na kuuza watoto wa mbwa kwa bei ya simu kali bila hata kupiga nyonga za wazazi eksirei. Huo ni wizi, sitaki kubembeleza mtu. Mbwa akizeeka, viungo vinakauka, na wewe bado unamlaza kwa simiti Julai yote.

Lakini si kila mara ni mfupa. Kupe wa hapa kwetu wanaleta Ehrlichia: homa, viungo kuuma, wakati mwingine damu puani. Inaweza kuwa figo. Inaweza kuwa upele au viroboto, ngozi imewaka chini ya manyoya. Inaweza kuwa alipigwa dafrao na boda na hukuwa nyumbani. Ndio maana huwezi kukisia ukiwa umekaa kwa kochi.

Na tafadhali, weka Brufen chini. Ibuprofen inachoma tumbo la mbwa mpaka linatoka damu, na figo zinakufa. Yule jamaa wa sindano anayekuja na mkoba, muulize nambari yake ya usajili wa Kenya Veterinary Board. Akianza kucheka, mfungulie geti atoke.

Kitu kimoja sitachezea: akibadilika ghafla, anatoa mate mengi, anashindwa kumeza, hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimguse. Akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali, si kesho.

Kuna sheria pia, Cap 360, ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Kumpiga mbwa anayeumwa si "kumfunza adabu". Ni kosa.

Najua mtasema daktari ni ghali, na huyu ni mbwa tu. Sawa, uchumi umetubana sote. Lakini huyo "mbwa tu" ndiye amekesha usiku kucha akilinda subwoofa yako mpya. Hiyo pesa ilitoka wapi?