Ramani ya Shamba Ikae kwa Mwenye Shamba

Wakulima na wafanyabiashara wenzangu wa Ruiri, na ninyi ndugu zetu wa Imenti mnaotuzidi kwa kahawa, naandika kwa sababu naona tumelala. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kuzuia mazao yaliyotokana na ukataji wa misitu ilipitishwa mwaka 2023. Ilikuwa ianze kutekelezwa mwisho wa 2024, ikasogezwa mwaka mmoja, kisha ikasogezwa tena. Tarehe iliyopo sasa ni 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na 30 Juni 2027 kwa zilizo ndogo. Kila inaposogezwa, utasikia sokoni wakisema, "Hao wameshindwa." Hawajashindwa. Muda umeongezwa, nasi tunauchezea.

Yanayotakiwa hayana mafumbo. Kahawa, kakao, mbao, mpira, soya, mawese na mazao ya ng'ombe hayataingia Ulaya ikiwa yametoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Mwagizaji wa kule lazima aonyeshe mtandaoni shamba lilipo, kwa latitudo na longitudo. Shamba linalozidi hekta 4 huchorwa mipaka yote; dogo kuliko hilo, nukta moja inatosha. Hekta 4 ni karibu ekari 10, na ni wangapi kwetu wenye ekari 10 za kahawa? Kijana mwenye simu ya intaneti ataimaliza kazi hiyo amesimama katikati ya mibuni ya mamake.

Mei 2025 Kenya iliwekwa katika kundi la nchi zenye hatari ndogo. Wapo walioona huo ni msamaha. La hasha! Mwagizaji amepunguziwa uchunguzi, lakini nukta ya shamba bado anadaiwa, naye atakudai wewe.

Hebu tutazame mizani ya kiwanda asubuhi ya mavuno. Mwanachama anashusha magunia mawili. Moja ni lake. La pili ni la jirani asiye na namba, au la mtu aliyenunua cheri usiku kwa bei ya kutupa, wala hakuuliza zimechumwa wapi. Karani anapima yote mawili, anaandika kilo chini ya namba moja, kisha cheri zinamwagwa pamoja kwenye mashine ya kumenya. Tangu hapo hakuna mwanadamu awezaye kuzitenganisha. Zamani hasara ilikuwa ya aliyeibiwa peke yake. Sheria hii haikubali zao linalojulikana lichanganywe na lisilojulikana, kwa hiyo gunia moja lisilo na asili laweza kuharibu shehena nzima ya chama. Karani akatae gunia lisilo na mwenyewe, hata kama limeletwa na mjumbe wa kamati.

Tuangalie pia miti yetu. Shamba la kahawa lenye grivelia au makadamia si msitu kwa mujibu wa sheria hiyo, maana ardhi itumikayo hasa kwa kilimo haihesabiwi. Lakini setilaiti ya ukaguzi haitambui tofauti hiyo kila mara. Mwenye kutaka kukata mti apige picha kwanza, aandike tarehe, aiweke.

Wanaodhani haya ni maneno matupu wawaulize wakulima wa mishiri. Mwanzoni mwa 2013 Ulaya iliongeza ukaguzi wa maharagwe mabichi ya Kenya hadi asilimia 10 ya shehena, kwa sababu ya mabaki ya dawa ya dimethoate. Mishiri huoza, haisubiri majibu ya maabara. Kampuni za kuuza nje ziliwaacha wakulima wadogo wengi, si kwa kuwa wote walipulizia vibaya, bali kwa kuwa haikuwa rahisi kuonyesha nani alipulizia nini, lini. Aliyekuwa na daftari la dawa alikuwa na la kusema. Asiye nalo alihukumiwa pamoja na mkosaji.

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Wapimaji wa wanunuzi wanakuja na tableti zao, wanazunguka shamba, wanachukua jina, namba ya kitambulisho na nukta, kisha wanaondoka. Mkulima habakishiwi hata karatasi. Mnunuzi akiwa ndiye mwenye ramani peke yake, siku akitaja bei mbaya utauzia nani mwingine, ilhali mnunuzi wa pili atakuuliza ramani ile ile? Mali bila daftari huisha bila habari. Na daftari la siku hizi ni ramani hiyo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa kila Mkenya haki ya kujua habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, kuzipata, na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Haki hiyo ni ya mkulima wa Ruiri sawasawa na mwenye benki Nairobi. Tuidai.

Basi katika mkutano mkuu ujao wa chama chenu, kabla ya kufika kwenye malipo, simameni mwulize: mashamba mangapi yamepimwa na mangapi bado? Nakala ya ramani iko ofisini mwetu au iko kwa mnunuzi? Nani anaweza kuifungua? Na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la aliyejibu.