Nani Asema Kiswahili Hakijui Sayansi?

Juzi bwenini kulizuka ubishi. Mwenzangu mmoja, bingwa wa Kemia, alinicheka eti Kiswahili ni cha mashairi na methali tu; mambo ya polima hayasemeki. Nikamwambia, "Haya, lete hizo polima zako!" Akaleta kitabu.

Basi sikilizeni. Kuna polima iitwayo poli-N-isopropilakrilamidi, kwa kifupi PNIPAM. Tabia yake ni kinyume cha uji. Uji ukipashwa moto, chembe za wanga hunywa maji zikafura. Polima hii hufura katika maji baridi, na joto likipita nyuzi 32 hivi za Selsiasi, huyatema maji ikanywea. Heskins na Guillet waliieleza tabia hiyo mwaka wa 1968. Maji yakipoa, inafura tena. Si kama yai, ambalo likishachemka limechemka.

Kwani sababu ni nini? Kukiwa baridi, molekuli za maji hushikana na sehemu za mnyororo zinazopenda maji. Joto likizidi, mshiko hulegea, na zile sehemu zinazochukia maji hukumbatiana zenyewe kwa zenyewe.

Sasa chukua utando wenye vitundu vidogo mno, upandikize minyororo hiyo kwenye kuta za vitundu. Maji baridi hupita kwa shida, maana minyororo imefura ikaziba njia. Yakipata joto, inanywea, njia inafunguka. Huo ni mfereji unaojifungua na kujifunga, bila mkono wala stima!

Bingwa wetu alinyamaza. Mwishowe akakiri kwamba yeye alidhani joto litaziba vitundu, kwa kuwa "vitu vyote hutanuka vikipata joto." Kwa Kiingereza alikuwa amekariri ukurasa mzima, bwana, lakini maana ilimpita kando.

Najua mtihani wa Kemia huandikwa kwa Kiingereza, na istilahi zake lazima tuzijue. Najua pia walimu watasema muda hautoshi. Hata hivyo naomba, kwa heshima, turuhusiwe dakika kumi tu za kubishana kwa Kiswahili kabla ya kuandika majibu. Anayekariri bila kuelewa huumbuka swali likigeuzwa kidogo.

Chama chetu kianze, Ijumaa moja tukutane na wenzetu wa sayansi. Bingwa amekubali kuja. Ameomba jambo moja tu, asilazimishwe kughani shairi.