Tazama magoti, siyo magoli

Jumamosi viwanja vya Louisville vinajaa watoto wetu, na mlioko Columbus na Buffalo mnajua ni hivyo hivyo. Mimi siangalii magoli tena. Naangalia magoti.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 16 kano ya goti lake ilipokatika. Hakuna aliyemgonga: aliruka, akatua, basi. Mama akamkanda na maji ya moto, "Itapita, mwanangu." Haikupita. Alipasuliwa, msimu mzima ukaenda.

Hapo jirani Cincinnati, watafiti waliwapima wasichana 205 wakiruka na kutua, wakatoa matokeo mwaka 2005. Baadaye 9 walikatika kano hiyo hiyo. Wakati wa kutua, magoti yao yalikuwa yakiingia ndani kuliko ya wenzao.

Ila kipimo siyo uganga, hakitakutajia nani ataumia kesho. Basi wafundishwe wote. FIFA 11+ ni mazoezi ya dakika 20 kabla ya mpira, bure kabisa. Norway yalipunguza majeraha makubwa ya wasichana karibu nusu.

Jamani, mwulize kocha wa mdogo wako kama wanayafanya. Na nyumbani mwonyeshe: kunja magoti, yaelekee vidole, tua polepole kama paka.